Kulwa kaondoka, Doto kaondoka, bendi imebaki

Najua nimepotea. Kuna aliyeniuliza kama nimeoa gazeti, nikamjibu kwamba nakaribia, imebaki mahari tu. Leo nimepata siku ya mapumziko, umeme upo, chai ipo, na nina jambo ambalo nimelibeba kifuani wiki tatu. Ni jambo ambalo mhariri wangu hawezi kulipa hata robo ya ukurasa, na wala simlaumu. Nataka kuwaeleza habari za bendi moja ya Iceland inayoitwa múm.

Ndiyo, wanaiandika kwa herufi ndogo hivyohivyo, na inatamkwa "muum". Usicheke kwanza. Nisikilize.

Niliwafahamu chuoni, mwaka wa pili. Tulikuwa wanne, tuna kipindi cha saa moja kwenye redio ya chuo, Jumamosi saa nne usiku. Kazi yetu ilikuwa kusoma barua na meseji za wasikilizaji: wa kuachwa, wa kufiwa, wa kukosa mkopo, wa kumkumbuka mama. Mmoja wetu, fundi mitambo wa kipindi, alikuwa na flashi iliyojaa nyimbo alizookota huku na huku, nusu yake hajui ni za nani. Humo ndimo tulimouta wimbo "I'm 9 Today". Unaanza na vimilio vidogovidogo, kama mtu anachezea vifungo vya shati juu ya meza ya bati, halafu taratibu inaingia tuni nyepesi ya kitoto. Tukaukata mwanzo wake, tukaufanya ujirudie, tukauweka chini ya sauti ya msomaji wa barua.

Na msomaji wa barua alikuwa dada mmoja wa mwaka wetu. Sitamtaja jina. Alikuwa na sauti ya chini, ya mtu anayekuambia siri huku anaangalia mlango. Mimi nilikuwa naandika, mwenzetu wa nne anapokea simu, fundi anabonyeza vitufe, lakini wote tulijua watu wanafungulia redio kwa ajili yake.

Mwaka wa tatu akapata kazi kwenye kituo kimoja cha redio mjini. Kazi ya kweli, yenye mshahara. Akaja kutuaga na soda nne kwenye mfuko wa nailoni. Wenzangu wawili walifurahi. Mimi nilisusa. Walipendekeza tugawane barua, kila mtu asome kwa sauti yake, nikasema haiwezekani, bila yeye hakuna kipindi. Nilisema hivyo kwa ukali mpaka wakachoka. Mwezi haukuisha, kipindi kikafa. Alinipigia simu mara mbili tatu baada ya hapo. Sikupokea.

Naomba uliweke hilo pembeni kidogo. Tutalirudia.

Mwaka 2025 múm walitoa albamu iitwayo History of Silence. Ilikuwa ya kwanza baada ya miaka 12. Nilipoiona nilishtuka, kwa sababu mimi nilidhani bendi hii ilishakufa zamani. Nilikuwa nimebaki na ule wimbo mmoja wa kwenye flashi, na sikuwahi kuwafuatilia. Basi nikasema ngoja nianze mwanzo, albamu moja baada ya nyingine, usiku nikitoka kazini. Nikafanya hivyo karibu wiki mbili. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Bendi ilianza mwaka 1997, kwa hiyo inanizidi umri kidogo tu. Walioianzisha ni vijana wanne: Gunnar Örn Tynes, Örvar Þóreyjarson Smárason, na mapacha wawili wa kike, Gyða na Kristín Anna Valtýsdóttir. Hilo jina la mwisho lisikutishe. Waaislandi wengi hawana majina ya ukoo kama Wazungu wengine. Valtýsdóttir maana yake ni binti wa Valtýr, basi. Ni kama bibi zetu wa pwani walivyoitwa binti Salum na binti Juma. Kwa hiyo mapacha hawa ni mabinti Valtýr, kulwa na doto wa huko kwenye baridi.

Unapaswa kukumbuka pia udogo wa nchi yenyewe. Hata leo Iceland haijafikisha watu 400,000. Wilaya ya Kinondoni peke yake inawazidi zaidi ya mara mbili. Lakini ni nchi yenye shule za muziki mpaka kwenye vijiji vya wavuvi, na mpiga muziki mmoja anaweza kuwa kwenye bendi tatu kwa wakati mmoja. Wakati múm wanaanza, Björk alikuwa tayari jina la dunia nzima, na Sigur Rós ndio walikuwa wanapanda. Kutoka kwenye nchi hiyo na kutafuta masikio nje haikuwa ndoto ya kichaa.

Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 2000: Yesterday Was Dramatic – Today Is OK. Kwa Kiswahili chetu cha mtaani ningesema "Jana kulikuwa na vituko, leo shwari". Hapo ndipo ulipo ule wimbo wetu wa barua, ndio unaofungua albamu. Ukiisikiliza yote utaona wanachanganya vitu viwili ambavyo kwa kawaida havikai chumba kimoja. Upande mmoja kuna kompyuta. Mbinu yenyewe ni kuchukua sauti ndogo, mkwaruzo au mgongano wa vitu, kuikatakata vipande vifupi kuliko kupepesa jicho, kisha kuvipanga mpaka vinakuwa ngoma. Ndiyo maana inasikika kama CD iliyokwaruzika, ila mikwaruzo yenyewe iko kwenye mapigo. Miaka ile ya mwishoni mwa tisini kompyuta ya kawaida ya nyumbani ilikuwa imeanza kuiweza kazi hiyo, na vijana wengi waliacha kuhangaika na studio za kukodi. Upande wa pili kuna vyombo vya mkono, na vingine ungeviita vya watoto: melodika ya kupuliza, kodiani, vinanda vidogo, selo ya Gyða. Na juu ya vyote hivyo, hapa na pale, sauti za mapacha, nyembamba, karibu na kunong'ona.

Nakiri nilishtuka niliposikia sauti hizo kwa mara ya kwanza. Nilimkumbuka yule dada. Nikazima, nikalala.

Kesho yake nikaendelea na ya pili, Finally We Are No One, ya mwaka 2002. Hii ndiyo iliyowafikisha mbali, chini ya FatCat ya Uingereza, kampuni ileile iliyokuwa imewatoa Sigur Rós. Katika kuitengeneza walikwenda kukaa Galtarviti, mnara wa taa ya kuongozea meli ulioko kaskazini magharibi mwa Iceland, mahali ambapo barabara haifiki. Jaribu kufikiria: vijana wa mjini, vyombo vyao, bahari na upepo. Humo mna "Green Grass of Tunnel" na "We Have a Map of the Piano", na sauti za mapacha sasa ziko mbele kabisa. Albamu hiyo waliitoa pia kwa lugha yao, ikaitwa Loksins erum við engin. Nimesikiliza zote mbili. Sijui neno hata moja la Kiaislandi, lakini hiyo ya Kiaislandi ndiyo niliyoirudia. Mtu akiimba kwa lugha aliyolelewa nayo kuna mahali anapumzika, hata mgeni unapasikia.

Basi bwana, hapohapo, mambo yakiwa mazuri, Gyða akaondoka. Mwaka uleule wa 2002. Alirudi darasani kusomea selo yake.

Wakabaki watatu. Mwaka 2004 wakatoa Summer Make Good, nayo ilifanyiwa kazi kwenye minara ya taa na nyumba za walinzi wake. Kristín Anna sasa anaimba bila pacha wake. Ni albamu ya giza. Upepo unasikika, mbao zinalia, nyimbo zinakwenda kama chombo kilichopoteza tanga. Kuna watu hawaipendi, wanasema imezama mno. Mimi naipenda, ila siwezi kuisikiliza nikiwa peke yangu usiku. Na mwanzoni mwa mwaka 2006 Kristín Anna naye akaondoka.

Hapo nikasimamisha. Nilikuwa kitandani, chumbani kwangu Sinza, spika za masikioni zimeanza kuniuma. Nikajiuliza: sasa kimebaki nini? Kulwa kaondoka, Doto kaondoka. Zile sauti ambazo mtu akisema múm ndizo anazozisikia kichwani hazipo tena. Wamebaki wanaume wawili na mashine zao. Kwa akili yangu ya mwaka wa tatu, hapo ndipo mtu anapofunga duka. Mimi nilifunga kwa kuondokewa na mmoja tu.

Wao hawakufunga. Mwaka 2007 wakatoa Go Go Smear the Poison Ivy, na nitawaambia ukweli, mara ya kwanza nilifika wimbo wa tatu nikaacha. Ilikuwa na kelele, ina utoto wa makusudi, kila mtu anaimba. Kuna wimbo humo una jina linalohusu vyura waliovutishwa sigara mpaka wakapasuka. Niliona kama vile wamechanganyikiwa.

Siku ya pili nikairudia, nikiwa kwenye daladala iliyokwama foleni ya Morocco, na hapo ndipo nilipoelewa kilichofanyika. Jambo rahisi lilikuwa kutafuta msichana mwingine mwenye kunong'ona, akae kwenye kiti cha mapacha, watu wajifanye hawakuona. Hawakufanya hivyo. Nafasi ile waliigawa. Gunnar na Örvar wenyewe wakafungua midomo wakaimba. Wakaingia watu wengine: Hildur Guðnadóttir na selo yake, Sigurlaug Gísladóttir anayejiita Mr. Silla, Eiríkur Orri Ólafsson na tarumbeta, na Samuli Kosminen, mpiga ngoma kutoka Ufini ambaye alishakuwa nao kabla. Hakuna sauti moja iliyotawala. Ilikuwa kama nyumba ambayo mama mwenye nyumba kasafiri, na badala ya kumwajiri mtu avae kanga zake, watoto wameingia wote jikoni. Chakula kimeungua kidogo, ndiyo, lakini kimeliwa.

Nilikumbuka pendekezo la wenzangu. Tugawane barua, kila mtu asome kwa sauti yake. Neno kwa neno ndilo walilofanya hawa jamaa, na mimi nililikataa.

Mwaka 2009 wakaja na Sing Along to Songs You Don't Know, safari hii chini ya Morr Music ya Ujerumani. Hapa jiko limeshatulia. Kompyuta imesogea nyuma, vyombo vya nyuzi, piano na uimbaji wa pamoja vimekuja mbele. Jina lake ni kama amri: imba nyimbo usizozijua. Sisi tuliokulia kwenye nyumba ambazo redio ilipiga rumba kutwa nzima hatuhitaji kuambiwa mara mbili. Mjomba wangu anaimba Kilingala kuanzia mstari wa kwanza mpaka sebene, machozi yanamtoka, na ukimuuliza maana yake anakuambia "niache".

Halafu, mwaka 2013, ikatoka Smilewound. Na humo, miaka 11 baada ya kuondoka, yumo Gyða.

Nilisoma hilo mara mbili. Nilikuwa nimezoea habari za bendi zetu na za kwao: mtu akiondoka amesaliti, anatungiwa wimbo wa mafumbo, anahamia bendi ya upande wa pili, mashabiki wanagawanyika. Hapa mtu aliondoka akaenda kusoma, alipokuwa tayari akarudi na selo yake. Na albamu yenyewe ni nyepesi, imejaa midundo, karibu uiite pop ya kawaida. Mwishoni mwake kuna hata wimbo walioufanya na Kylie Minogue, uitwao "Whistle". Kutoka mnara wa taa usiofikika kwa barabara mpaka Kylie Minogue! Ningewaambia hivyo mwaka 2002 mngeniita mwongo.

Hata ambao hawakurudi kwenye albamu hawakupotea. Kristín Anna alitoa albamu Pullhair Rubeye mwaka 2007 pamoja na Avey Tare wa Animal Collective, wakazigeuza nyimbo zote zisikike kinyumenyume, jambo ambalo bado sijaamua kama ni ujasiri au ukorofi. Mwaka 2012 mapacha wote wawili walishiriki kwenye The Visitors, kazi ya msanii wa Iceland Ragnar Kjartansson: wapiga muziki wametawanywa kwenye vyumba vya jumba moja la kizamani huko jimbo la New York, kila mmoja na kioo chake, vioo tisa, wanapiga wimbo mmoja kwa zaidi ya saa nzima. Mwaka 2019 Gyða alipewa Tuzo ya Muziki ya Baraza la Nordic. Na Hildur, yule wa selo aliyeingia wakati mapacha wametoka? Februari 2020 alichukua Oscar kwa muziki wa filamu ya Joker, miezi kama mitano tu tangu apate Emmy kwa muziki wa tamthilia ya Chernobyl.

Nikafikiri: mlango ungefungwa mwaka 2006 kwa sababu mapacha wameondoka, Hildur angeingilia wapi? Labda angefika alikofika kwa njia nyingine, ana kipaji chake. Lakini zile albamu zisingekuwepo. Na Gyða asingekuwa na mahali pa kurudi. Hilo ndilo lililonikaa kichwani. Ukimpenda mtu kwenye kazi yenu, namna ya kumheshimu akiondoka ni kuiacha kazi ikiwa hai, ili siku akipita aone taa inawaka. Mimi nilizima taa, nikaita hiyo heshima. Ilikuwa hasira.

Sitaki kudanganya kwamba kila kitu kimekaa sawa. Ukiniuliza ni albamu ipi nitaichukua nikikimbia moto, ni ile ya 2002, yenye sauti zote mbili. Kuna kitu kiliondoka na mapacha na hakikurudi, hata Gyða aliporudi. Watu wanaosema "múm ya kweli ni ya zamani" wana hoja, siwapuuzi. Lakini History of Silence nimeisikiliza sana sasa. Ni nyimbo nane, tulivu, zenye nyuzi, za watu wazima walioacha kuharakisha. Ndani yake bado navisikia vile vimilio vya vifungo kwenye meza ya bati. Mkono ni uleule. Isingeweza kutengenezwa na watu waliokata tamaa mwaka 2006, na isingeweza pia kutengenezwa mwaka 2002.

Jumapili mbili zilizopita nilimwandikia yule dada. Karibu miaka minne sijamjibu. Sikujua nianzie wapi, nikamtumia tu "I'm 9 Today" na maneno manne: unaukumbuka mdundo wa barua?

Nilijua hatajibu. Saa tano usiku simu ikalia, ujumbe wa sauti. Sekunde za mwanzo anacheka tu. Halafu akasema, kwa sauti ileile: "We kaka, nilidhani umekufa. Hivi kile kipindi mlimpa nani baada yangu? Kila Jumamosi nikiwa zamu nilikuwa najiambia sasa hivi wenzangu wako hewani."

Niliusikiliza ujumbe huo mara tano. Kumbe yeye miaka yote hiyo alikuwa anatuona tunaendelea. Ilinibidi nimwandikie kwamba hatukumpa mtu, tulikifunga mwezi uleule. Akaandika neno moja: "Kwa nini?"

Sikuwa na jibu la kuandika kwenye simu. Nimemwambia nitamweleza uso kwa uso. Nimewatafuta na wale wenzetu wawili. Fundi siku hizi anauza vifaa vya sola Morogoro, lakini amesema atakuja, na ile flashi bado anayo. Tunakutana Jumamosi. Soda nanunua mimi.